Somo: Kwenda na ndege yako ya rimoti kwenye mkutano wa warushaji Uingereza

Majira ya joto yakikaribia, maswali huwa ni yale yale: niende na nini, nijisajili wapi, wataniruhusu kurusha? Nimechoka kuyajibu moja moja, basi nayaweka yote hapa. Somo ni la mwenye ndege ya mota ya umeme anayeweza kupaa na kutua bila kusaidiwa, na sasa anataka kwenda mikutano kama ya Old Warden, Bedfordshire, au Buckminster karibu na Grantham, kwenye kituo cha BMFA, chama cha taifa cha mchezo huu. Kama kutua bado kunakusumbua, nenda kwanza ukatazame. Utapokelewa vizuri, na wazee wa pale hupenda kuulizwa.

1. Makaratasi. Ndege ya gramu 250 au zaidi inadai vitu viwili kutoka CAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza: Flyer ID ya anayerusha na Operator ID ya mwenye ndege. Operator ID iandikwe kwenye ndege kwa herufi zinazozidi milimita 3 kwa kimo. Bima inakuja na uanachama wa BMFA. Beba kadi.

2. Soma tangazo la mkutano hadi mwisho. Baadhi hudai cheti cha A, cha BMFA cha kuthibitisha kwamba unarusha salama, na penye watazamaji wengi huweza kudaiwa cha B, kilicho cha juu zaidi.

3. Betri. Chaji jioni ya kuamkia safari, ukiwa macho, mpaka volti 4.2 kwa kila seli. Zibebe kwenye mfuko usioshika moto, na usiziache ndani ya gari juani.

4. Bisibisi, propela za akiba, gundi ya haraka, tepu, kofia, maji, kiti.

5. Kuunganisha na kukagua. Hapa naomba usome polepole.

Ili ndege iingie garini umefungua mabawa na kuchomoa nyaya. Ukifika unazirudisha huku watu wanakusalimia na kukuuliza habari za safari. Waya unaweza kuingia tundu lisilo lake. Tena rimoti moja hutunza mipangilio ya ndege kadhaa, na zipo rimoti zitakazokuruhusu kurusha ndege hii kwa mipangilio ya nyingine. Halafu mtu anatikisa vijiti, anaona kila kitu kinacheza, anaridhika. Kucheza hakutoshi. Tazama kinaelekea wapi.

Nimeshuhudia ndege kubwa ya mbao ikipaa vizuri, upepo ukailaza kidogo kushoto. Rubani akasukuma kijiti kulia kuinyoosha, ikazidi kulala kushoto. Akasukuma zaidi, ikapinduka na kujikita ardhini. Alikuwa mrushaji hodari. Lakini alikuwa ameikagua akiwa amesimama mbele ya pua, na ukiwa pale mkono wako wa kulia ni kushoto kwa ndege.

Kwa hiyo simama NYUMA ya mkia, kila mara, hata kama uliirusha jana. Kijiti kulia: aileroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa) ya kulia INAPANDA, ya kushoto inashuka. Vuta kijiti kwako: eleveta (kibao cha mlalo cha mkiani) inapanda. Usukani wa mkia kulia: unaelekea kulia. Taja kila moja kwa sauti. Mtu akikusemesha katikati, anza upya.

Tahadhari nyingine za hatua hii hii:
- Washa rimoti kwanza, kisha ndege. Wakati wa kuzima, ndege kwanza.
- Betri ikishachomekwa, hesabu kwamba propela inaweza kuzunguka wakati wowote. Mota ya umeme haizimiki ikigonga kidole, inaendelea kukata.
- Mwenzako aishike ndege imara kutoka nyuma, mota ikizunguka taratibu, kisha, kwa jaribio hili tu, uzime rimoti kwanza, uone ndege itafanyaje ikipoteza mawimbi. Mota isiposimama, hurushi.
- Pima umbali: weka rimoti kwenye nguvu ndogo, tembea hatua kama 30 au kama kitabu chake kinavyosema, uone kama ndege bado inatii.
- Kitovu cha uzito kipimwe betri ikiwa mahali pake. Kwa ndege nyingi za kawaida kiko kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukianzia ukingo wa mbele. Pua nzito kidogo inavumilika, mkia mzito hauvumiliki.

6. Kikao cha asubuhi. Usikose. Utaambiwa mstari wa usalama uko wapi na upande gani haurukwi.

7. Kurusha. Simama pamoja na marubani wengine, msaidizi pembeni yako. Paza sauti: "taking off", "landing". Ukisikia "dead stick", mota ya mtu imezimika hewani, mpishe atue. Weka saa ya kukukumbusha, utue betri ikiwa na asilimia 30 hivi.

8. Nyumbani, rudisha betri kwenye volti 3.8 kwa seli.

MASWALI

Leicester: Kaka, yangu ina kilo mbili. Lazima nijisajili?

Jibu: Hatua ya 1.

Reading: Narusha miaka mingi na hayo ya kuzima rimoti sijawahi kufanya. Haijatokea kitu. Mnatisha watu bure.

Jibu: Sijamtisha mtu. Nyuma ya mstari ule kuna watoto wa watu, na ukaguzi huu unachukua dakika moja. Usipotaka kuufanya, usilete ndege palipo na watu.

Coventry: Shikamoo. Binti yangu ana miaka 11, anarusha vizuri kunishinda. Ataruhusiwa?

Jibu: Marahaba dada, na mpe hongera. Anahitaji Flyer ID yake mwenyewe; kwa kuwa hajafika miaka 13, uwe naye anapofanya mtihani wa mtandaoni. Operator ID ni ya wenye miaka 18 na kuendelea, hivyo chukua wewe. Mwandikie mwandalizi mapema, na siku hiyo simama naye kwenye mstari. Akianza kuchanganya juu na chini ya ndege ikiwa mbali, bandikeni mistari mipana ya rangi nzito chini ya bawa moja.

Luton: Naongezea: miwani ya jua. Jua likiwa mbele yako, ndege inapotea kabisa.

Nairobi: Ndugu, niliinunua ndege yangu huko kwenu nikaja nayo. Mbona hapa inatua kwa kasi na kupaa inasuasua? Betri ni mpya.

Jibu: Swali zuri sana. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Bawa linahitaji kasi zaidi, kama asilimia 8 au 9, kubeba uzito ule ule, na propela nayo inasukuma hewa kidogo. Mombasa ungeiona kama ilivyokuwa huku. Ipunguzie uzito, ongeza urefu wa kukimbia, usiipunguzie mwendo mapema wakati wa kutua. Na kabla ya kurusha tena, waulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuhusu kibali.

Nairobi: Nikiweka propela kubwa zaidi je?

Jibu: Inasaidia. Panda inchi moja ya kipenyo, angalia kama haigusi ardhi, kisha pima ampea mota ikiwa kwenye nguvu zote. Zikizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kidhibiti cha mota, rudisha ya zamani.