Mambo ya kuzingatia kabla ya kambi ya watoto parokiani

Wakati wa likizo, watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, kutoka vigango (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia) vya Urambo, mkoani Tabora, hukusanyika parokiani kwa siku kadhaa, na maandalizi huanza na mchele, maharage na nauli, huku usalama wao dhidi ya unyanyasaji wa kingono ukiachiwa imani kwamba wako mikononi mwa Kanisa.

Kwanza walezi. Halmashauri ya parokia iandike jina la kila mtu mzima atakayelala kambini, awe katekista, mseminari au dereva, na iulizie kigango alikotoka, kwa kuwa mtu aliyeondolewa kimyakimya mahali pamoja hupokelewa kwingine kama mlezi mwenye moyo wa kujitolea. Asiachwe mtu mzima peke yake na mtoto, hata kwenye pikipiki ya kumrudisha nyumbani jioni.

Malazi yakaguliwe mapema, tena kwa miguu. Ingieni darasa watakalolala wasichana kungali mchana, mtazame komeo liko upande gani, ufunguo wa akiba anao nani, na njia ya kwenda chooni ina giza kiasi gani. Ufunguo unaoning'inia kwenye msumari ofisini ni wa kila apitaye. Walale nao walezi wawili wa kike, na usiku watoto watoke wawiliwawili. Maungamo yafanyike mahali panapoonekana na watu, ingawa hapasikiki. Siri ya kitubio haidhuriwi na kuonekana.

Kabla ya safari, wazazi na watoto waambiwe ni nani wa kumwendea likitokea jambo, naye asiwe miongoni mwa viongozi wa kambi. Hapa ndipo heshima yetu hutuponza, maana mzee wa jumuiya husema tuyamalize kifamilia, na mama wa mtoto huona aibu kumpinga. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa; simu ya 116 ya kusaidia watoto ipo, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa upande wa Kanisa, hati ya Papa Fransisko ya mwaka 2019, Vos estis lux mundi, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2023, inawabana mapadre na watawa kumwarifu askofu kuhusu unyanyasaji huo, na inakataza kumlazimisha mwathirika anyamaze. Kumwarifu askofu hakuondoi wajibu wa kwenda polisi. Mtoto aliyebakwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo, kwani dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na vikao vya usuluhishi humaliza saa hizo upesi.

Hati hiyo inawataja pia watu wazima walio katika hali ya udhaifu, ambao kambi huwasahau: kijana mwenye ulemavu wa akili anayesaidia jikoni, au bibi mgonjwa anayepelekewa Komunyo nyumbani. Kwa bibi waende wawili, na mlango wa chumba uachwe wazi.