Kabla hujahamia pembezoni mwa Arusha, kague haya

Usikubali dalali akuonyeshe nyumba saa sita mchana wa mwezi wa nane. Saa hiyo barabara nyeupe, korongo kavu, na kila mtaa uko "dakika kumi tu" kutoka mjini. Rudi mwenyewe Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, upande daladala pamoja na wanaowahi kazini.

Nauli ihesabu kuanzia mlangoni, siyo kuanzia kituoni. Kodi ya ndani ndani huko Olasiti, Muriet au Moshono inashuka kwa sababu lami iko mbali. Boda ikiwa 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa siku 26 za kazi ni 52,000; mkiwa wawili, 104,000. Jumlisha na kodi, ndipo ulinganishe na Njiro au Sakina. Upande wa Tengeru kuna barabara ya njia nne, lakini Jumatano na Jumamosi ni siku za soko, utachelewa.

Maji ya kisima: dai majibu ya maabara. Floraidi (aina ya madini) ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, mtoto asiyanywe. Inaharibu meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, na kuchemsha hakuiondoi.

Shule: hesabu watoto darasani, uliza gari linampitia mwanao saa ngapi. Mtoto wa chekechea anayeamshwa saa kumi alfajiri atasinzia darasani, hata shule iwe nzuri vipi.

Sasa korongo, na hapa usiharakishe. Aprili 2024 maji ya mvua yalisomba gari la shule hapa Arusha likiwa na wanafunzi ndani, watoto wakafa. Kata za chini hupokea maji yanayoteremka kutoka miteremko ya Mlima Meru, kwa hiyo kwenu panaweza kuwa hapajadondoka hata tone na korongo likajaa ghafla, kwa sababu juu imenyesha usiku kucha. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulinyanyua gari dogo likaelea. Yakifika 60 yanabeba hata pikapu. Dereva haoni kama chini barabara bado ipo au imeshakatika.

Basi tembea kwa miguu njia yote, nyumbani hadi shuleni, na uhesabu kila mahali inapokata korongo. Pana daraja, kalavati, au magari yanapita ndani ya korongo lenyewe? Tazama takataka zilizonasa kwenye miti na seng'enge: maji yalifika hapo. Muulize mama ntilie wa jirani na vijana wa boda masika yaliyopita njia ilifungwa siku ngapi. Kisha nenda shuleni uulize mvua ikikolea gari linapita wapi, na nani mwenye kauli ya kusema leo halivuki. Wakibabaika, tafuta shule iliyo upande wenu wa korongo, hata kama matokeo yake yamezidiwa kidogo. Mkubaliane pia kwamba maji yakijaa mtoto anabaki shuleni hadi umfuate.

Ukinunua kiwanja, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni. Pima kwa futi kamba, siyo kwa hatua za muuzaji. Udongo ukiwa mfinyanzi mweusi, tenga fedha zaidi kwa ajili ya msingi wa nyumba, maana huvimba masika na kupasuka kiangazi, na kuta hufuata. Onana na mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti. Mpangaji naye asilipe miezi sita kabla ya kuiona njia ya nyumbani hadi shuleni ikiwa imelowa.