Picha za Mkanda kwa Hela Kidogo: Mkanda Mmoja, Mizunguko Miwili, Kahawa ya Jikoni

Kwenye picha za mkanda (filamu ya kamera za zamani), kamera siyo inayomaliza hela. Kamera unanunua mara moja. Mkanda unanunua kila mara, na kuusafisha ili picha zitokee unalipia tena. Kwa sisi wa Kigoma, ambako mkanda unaagizwa kutoka mbali, hapo ndipo pa kubana.

1. Kamera. Tafuta ya zamani isiyotegemea betri, ya kuvuta mkanda kwa kidole gumba. Ulizia kwa wazee, huwa zimelala kabatini. Fungua mlango wa nyuma, elekeza kwenye mwanga, piga shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) kwa kila kasi. Ikifunguka na milio ikatofautiana, chukua. Sifongo ya mlangoni ikiwa imeoza, ikwangue, laza uzi mweusi wa sufu mahali pake.

2. Mkanda. Nunua wa nyeusi na nyeupe, ISO 400 (namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga), picha 36. Kentmere 400 na Fomapan 400 ni za bei nafuu na zinatosha kabisa.

3. Mwanga bila mita (kipima mwanga). Jua kali: lenzi f/16 (namba ya tundu la lenzi; ikipungua, tundu linapanuka), kasi 1/500 ya sekunde. Wingu jepesi: f/11. Kivulini, chini ya miembe ya Ujiji: f/4. Mwalo wa Kibirizi una mtego wake: maji yanang'aa, na uso wa mvuvi mweusi aliyeyapa mgongo unapotea. Fungua lenzi hatua mbili (f/16 iwe f/8), maji yaungue yawe meupe tupu, uso ubaki. Ukisita, ongeza mwanga. Mkanda huu unavumilia mwanga mwingi kuliko giza. Na bandarini au stesheni omba ruhusa kwanza.

4. Mkanda mmoja, mizunguko miwili. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Unapoweka mkanda, chora kwa kalamu mstari unaovuka mkanda na kugusa ukingo wa kamera. Piga zote 36 ukihesabu ISO 800 badala ya 400, yaani kasi 1/1000 kwenye jua kali, kwa sababu kila fremu itapokea mwanga mara mbili. Rudisha mkanda taratibu ukisikiliza. Ukisikia umechomoka kwenye kikonyo (kijiti kinachouviringisha mkanda ndani ya kamera), acha hapohapo, ncha ibaki nje. Uweke tena, mstari ukae palepale, upige mara ya pili.

Mzunguko wa kwanza piga vitu vyenye giza kubwa: mitumbwi jioni, jua likizama upande wa Kongo. Wa pili piga vyenye alama ndogondogo: dagaa walioanikwa, nyavu, makuti. Alama zitaingia ndani ya weusi wa mtumbwi. Anga nyeupe haipokei kitu, kwa hiyo usiipe nafasi kubwa.

5. Kusafisha kwa kahawa. Utahitaji tanki la kusafishia (chombo kisichoingiza mwanga), mizani ndogo na fiksa (dawa inayoifanya picha idumu kwenye mwanga). Fiksa haina mbadala wa jikoni wa kuaminika, inunue. Mkanda uingize kwenye tanki usiku, gizani kabisa.

Soda: kaanga baking soda gramu 26 kwenye sufuria kavu, moto mkali, ukikoroga hadi iache kutokota. Zitabaki gramu 16 hivi. Iyeyushe kwenye maji mililita 300, uiache ipoe. Tia vitamini C ya unga gramu 5. Povu likitulia, tia Africafe (kahawa ya unga ya kuyeyuka) gramu 12. Subiri mapovu yaishe. Chombo kiweke ndani ya beseni la barafu mpaka dawa ifike nyuzi 20, maana maji yetu ni ya moto mno kwa kazi hii.

Mimina, geuzageuza tanki dakika ya kwanza, kisha mara tatu kila dakika, hadi dakika 15. Harufu ni mbaya, fungua madirisha. Suuza kwa maji, tia fiksa.

Muda wa fiksa usibahatishe. Kabla ya kuanza, tumbukiza kipande cha ncha ya mkanda ndani yake, uangalie saa: kikishakuwa angavu, zidisha muda huo mara mbili. Kisha suuza sana, anika pasipo vumbi.

Mkanda utakuwa na ukungu kidogo wa kahawia. Uweke juu ya skrini nyeupe ya simu, ukiuinua kidogo ili vidoti vya skrini visionekane, piga kwa simu nyingine, geuza nyeusi kuwa nyeupe kwenye programu ya picha, ongeza utofauti; ukungu utaondoka.

Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha kutoka kwenye mkanda, nayo yanaweza kudhuru viumbe wa majini. Ihifadhi kwenye dumu lenye alama, mbali na watoto. Ziwani usimwage hata tone.