Una deni na unaomba kibali cha usalama? Anza na risiti
Wandugu wa Lubumbashi wenye watoto waliokwisha kuwa raia wa Marekani, hili nimelipata kwa mdogo wangu. Kabla ya kujaza SF-86, fomu ya kuombea kibali cha serikali ya Marekani cha kuona siri zake, mwenye deni apatane na anayemdai, kwa maandishi, alipe kila mwezi hata dola 50, na atunze kila risiti. Fomu inauliza madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120 ndani ya miaka 7. Deni lenyewe haliwatishi sana wakaguzi wa kibali. Wanachoogopa ni mtu aliyebanwa, anayeweza kununuliwa. Deni la ugonjwa au la kuachishwa kazi hueleweka. Ukificha deni, risiti hazikuokoi. Ukianza kulipa baada ya kuulizwa, zinasaidia kidogo tu.