Ganzi mikononi na miguuni: jichunguze hivi, kisha ujue pa kwenda

Wagonjwa wengi hufika wakisema miguu inawaka moto au mkono unakufa ganzi, na papo hapo wanaomba sindano ya vitamini. Tafadhali usianzie hapo. Tazama kwanza ganzi iko wapi na ilianzaje.

1. Ondoa hatari. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja, mdomo ukipinda au maneno yakikwama, ichukulie kuwa kiharusi. Nenda hospitali saa hiyohiyo na utaje ilianza saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Usisubiri kukuche pia kama ganzi inapanda huku miguu inalegea, au kama imeshika sehemu za siri, mgongo unauma na mkojo hautoki.

2. Gusa kidole kimoja kimoja. Gumba, cha shahada na cha kati vikifa ganzi, ukaamka usiku unakung'uta mkono, huenda neva (mshipa wa fahamu) imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Huwapata sana mafundi cherehani, wasusi na wajawazito. Lala kifundo kikiwa kimenyooka. Ikiwa ni kidole cha mwisho, acha kuegemea kiwiko.

3. Miguu yote miwili, kuanzia vidoleni kama umevaa soksi? Pima sukari ya damu kabla ya kifungua kinywa. Ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, huenda ni kisukari, kipimo kirudiwe. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko pote, maana mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua. Usiupashe moto kwenye jiko la mkaa. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Ukiona kidonda, hata kidogo, nenda kituo cha afya kesho yake.

4. Beba dawa zako zote. Isoniazidi ya kifua kikuu huweza kuleta ganzi. Usiiache, uliza kuhusu vitamini B6. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi. Pombe nayo itaje, hakuna atakayekuhukumu.

5. Doa lililofifia lisilohisi? Fumba macho, mtu aliguse kwa pamba. Usipohisi, uchunguzwe ukoma. Dawa zake ni bure, hunywewa miezi 6 au 12, na ukiwahi, vidole vinapona visikunjamane.