Jinsi ya kupiga picha za mji usiku kwa staili ya Brassaï

Kama unataka kujifunza picha za usiku anza na mpiga picha Brassaï, jamaa alizaliwa 1899 huko Brassó (siku hizi Brașov, Romania), akahamia Paris 1924, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akawa anazunguka mitaa ya pale usiku kucha na kamera ya plati za kioo (vioo vilivyotumika badala ya filamu). Vifaa vyake simu yako imevipita mbali lakini picha zake bado ni moto.

Kwanza taa, na hapa ndo wengi wanaharibu. Wanaelekeza kamera kwenye taa ya barabarani moja kwa moja, inatoka doa jeupe na pembeni giza tupu. Yeye alikuwa anasogea mpaka taa ijifiche nyuma ya mti au kona ya ukuta, unabaki mwanga wake tu. Jaribu leo, simama taa ikupige machoni upige moja, halafu sogea hatua kadhaa mpaka shina la mti liizibe upige tena. Ya pili utaona mpaka nyufa za ukuta na mawe ya chini ambayo ile ya kwanza yalimezwa kabisa.

Mvua na ukungu alivipenda sana, maana barabara ikilowa inarudisha mwanga juu na ukungu unausambaza, so giza halibani sana. Mvua ikikatika tu toka.

Traipodi ni lazima, au egemeza simu kwenye ukuta. Brassaï alipima muda wa kuacha kamera wazi kwa sigara, anavuta moja mpaka iishe: aina ya Gauloise kukiwa na mwanga kiasi, aina ya Boyard ambayo ni nene kukiwa giza zaidi. Wewe ingia mode ya pro (ile ya kuweka mipangilio mwenyewe), ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga) weka 100, shata (muda wa kuingiza mwanga) anzia sekunde 4 uongeze taratibu ukiangalia, weka na taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise simu.

Kuhusu watu, ndani ya baa alitumia flashi ya unga wa magnesiamu, ule mlipuko hauwezi kuuficha, kwa hiyo alikaa nao kwanza wakamzoea na wengi walimpozia kabisa. Mimi naona hiyo ni heshima kuliko kumvizia mtu, omba ruhusa aisee.

Kwenye kuediti acha vivuli vibaki vyeusi, punguza tu mwanga pale palipoungua, yaani palipong'aa mpaka pakawa peupe.