Sukari ya kusugulia visigino: mafuta kwanza, maji mwisho

Nilikuwa nachanganya sukari na maji ya limau kusugua visigino, ikawa inayeyuka kabla sijamaliza mguu wa kwanza. Dawa yake ni mafuta: vijiko 2 vya sukari, kijiko 1 cha mafuta ya kupikia, bila hata tone la maji. Sukari haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo chembe hubaki na makali yake. Ukimaliza, suuza kwa maji ya vuguvugu. Sukari inaondoka, utando wa mafuta unabaki na kuzuia ngozi isikauke. Usoni usithubutu, chembe zinakwaruza. Visigino vilivyopasuka hadi kuuma pia viache kwanza. Halafu sakafu ya bafu itateleza vibaya, kwa hiyo sugua ukiwa umekaa.